Chama cha Mkono wa Kushoto

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nisitafutiwe mwenzangu wa kunisaidia kuubeba ujinga huo. Nimewahi kutoka Bujumbura mbio bila viatu. Nimewahi kulala siku tatu kwenye stoo ya vitunguu mpakani, na nimewahi kupigwa na mwanamke kwa sufuria, uji ukiwa bado ndani. Kote huko niliweza kusema kosa ni la mwingine. Hili la kibao cha Muhire lilikuwa langu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa na Kigali nzima ilikuwa imevaa kofia. Pale Nyakabanda nilipokuwa na kibanda changu cha kuandika vibao, kila ukuta ulitaka bendera na kila bendera ilitaka jogoo, jembe au jua linalochomoza. Niliandikia vyama vyote. Asubuhi namchorea huyu jembe, jioni namchorea adui yake jembe lilelile, ila nageuza mpini. Mwenyewe sikuwa na chama. Mrundi mkimbizi hana kofia, ana brashi.

Muhire alikuwa fundi mwashi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Yeye na vibarua wenzake walikuwa na chama chao kidogo ambacho hata ofisi hakikuwa nayo, ni chumba kimoja nyuma ya gereji. Alikuja na karatasi ya Kifaransa kutoka kwa wakubwa wao. Ilisema ni chama cha gauche, sauti ya mfanyakazi.

"Andika Kiswahili, fundi," akaniambia. "Hapa gereji Kifaransa ni cha magari tu, si cha watu."

"Gauche ni kushoto," nikasema.

"Andika hivyo."

Sasa, mwandika vibao ana ugonjwa mmoja: hawezi kuvumilia nafasi tupu. Nilipima ubao, nikachora mistari kwa penseli, nikaandika CHAMA CHA KUSHOTO. Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama. Maneno yaliishia katikati, na upande wa pili ukabaki mtupu kama mdomo uliong'oka meno. Nikakosa raha. Nikafuta, nikaandika CHAMA CHA MKONO WA KUSHOTO, na ubao ukajaa vizuri, herufi zimekaa kama wanafunzi darasani. Chini yake nikaweka SAUTI YA MFANYAKAZI. Pembeni, kwa kuwa bado palikuwa na nafasi ya kiganja, nikachora kiganja. Vidole vitano na kucha zake.

Muhire alikisoma kwa kidole, akanishukuru, akakipachika Alhamisi asubuhi.

Kufika saa sita mchana mafundi wa gereji walikuwa wameacha injini wazi. Mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akiuza sambusa pale alikuja mpaka mlangoni kwangu na karai lake kichwani.

"Bigirimana, hiki chama, wanachama wake wanakula na mkono gani?"

"Mama, ni siasa hiyo."

"Najua iko siasa. Nauliza tu, wakinisalimia niwape mkono ama niwape maji kwanza?"

Hapo ndipo nilipokiona kibao changu kwa macho ya watu. Mkono usiompa mtu kitu. Mkono wa chooni. Na mimi nilikuwa nimeuchorea hadi kucha! Nikacheka, kwa sababu nikikosea huwa nacheka kwanza, halafu nahesabu majeruhi baadaye.

Majeruhi alikuja Jumatatu. Alikuwa Kabagwira, mjane wa miaka ishirini na minne, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na lori lilikanyaga bomu barabara ya Byumba mimba ikiwa ya miezi saba. Muhire alikuwa rafiki wa mumewe tangu utoto. Usiku Kabagwira aliposhikwa na uchungu, Muhire ndiye aliyemsukuma kwa toroli lake la saruji hadi kwa masista, maana magari yalikuwa hayapiti vizuizini. Sasa mtoto, Ihirwe, alitakiwa kubatizwa Jumapili inayokuja, na Kabagwira alikuwa amemchagua Muhire awe baba wa ubatizo.

"Mzee Conrad amekataa kupiga muhuri," akaniambia. Hakukaa.

Conrad ndiye aliyekuwa kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisa, karani mstaafu, mtu wa tai hata siku ya kuchimba mfereji. Padri hakuwa na maneno mengi: mleteni mtoto, leteni na barua ya jumuiya yenye jina la baba wa ubatizo na muhuri. Bila barua hakuna ubatizo.

"Amekataa kwa nini?"

"Jana baada ya misa alituhubiria mambo ya siku ya mwisho. Kondoo mkono wa kuume, mbuzi mkono wa kushoto, na mbuzi wanakwenda motoni. Akasema, mimi sikumhukumu Muhire, Muhire amejiandika mwenyewe kwa rangi ya mafuta."

Nikaanza kucheka. Kabagwira hakucheka, na kicheko changu kikabaki peke yake kibandani.

"Nitakifuta kibao," nikasema. "Leo hii."

"Kibao utafuta. Na midomo ya watu utaifuta na nini?" Akampandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge. "Jumamosi saa nane jumuiya inakutana kwa mama Athanasie. Utakuja na mimi. Utasema mbele yao kwamba ni wewe uliyeongeza mkono. Na hutatania."

"Kabagwira, mimi na kutotania..."

"Hutatania, Bigirimana."

Jumamosi tulikuwa watu kama kumi na tano sebuleni kwa Athanasie, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma. Athanasie alikuwa mwalimu wa kwaya, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi. Conrad alikaa kwenye meza, mbele yake daftari la jumuiya, kidau cha wino na muhuri ambao hakuuachia hata wakati wa sala ya kufungua. Muhire alikaa kando ya Kabagwira karibu na mlango, mikono yake mikubwa juu ya magoti, vumbi la saruji bado kwenye nyusi.

Kabagwira akanitazama. Nikasimama.

"Ndugu zangu, neno mkono nimeliongeza mimi. Karatasi haikuwa na mkono. Ubao ulikuwa mrefu."

"Ubao ulikuwa mrefu!" Conrad akarudia polepole, kama anayeandika. "Na kushoto? Hata kushoto umeongeza wewe?"

"Hapana, mzee. Kushoto kulikuwepo. Lakini hayo ni mambo ya viti tu. Niliwahi kumpikia padri mmoja kule Bujumbura, akanieleza. Zamani Ufaransa, wakubwa wakikutana, waliompenda mfalme walikaa kulia na waliotaka kumpunguza walikaa kushoto. Basi. Hakuna mbuzi hapo."

"Sasa mpishi ni profesa."

"Mpishi husikia mengi, mzee. Na kama ni kuhesabu viti, padri akitugeukia kanisani, wewe pale mbele unapokaa na tai yako uko kushoto kwake."

Watu wakaangua kicheko. Hata Muhire aliinamisha kichwa akatikisika mabega. Conrad hakucheka. Akafunga daftari.

"Naona tumekuja kuchezea sakramenti," akasema.

Kabagwira hakunyanyua hata sauti. "Bigirimana, kaa chini."

Nikakaa. Ndiyo maana nasema mjinga nilikuwa mimi, na mara mbili: ubao niliujaza neno lisilotakiwa, na mkutano nao nikaujaza.

Conrad akasimama. Nitasema haki yake: hakuwa mtu mbaya.

"Mnadhani nafanya chuki," akasema. "Juzi mjukuu wangu Shema amevunjwa meno mawili pale stendi kwa sababu ya rangi ya kofia. Meno mawili! Mtoto ana miaka kumi na sita. Vyama vimeingia sokoni, vimeingia shuleni, vimeingia kwenye pombe. Imebaki jumuiya. Nikipiga muhuri kwa mtu mwenye kibao, kesho mwingine ataleta bendera mpaka kwenye maji ya ubatizo. Na tena, tusidanganyane, hicho si chama cha Kikristo. Hao wanataka aliyelima agawane na ambaye hakulima. Mungu amekataza kuiba, na hakuishia hapo, amekataza hata kutamani cha jirani. Kwa nini akataze, kama cha jirani si cha jirani? Dini inataka utaratibu. Inataka baba nyumbani, mali kwa mwenyewe, kazi kwa kila mtu. Huo ndio upande wa kuume."

Wazee watatu wakaitikia kwa kichwa. Kwa kweli alikuwa amesema vizuri.

Muhire akaomba kusema. Sauti yake ilibidi watu wanyamaze ili isikike.

"Mzee, mimi sijasoma. Lakini masista walitufundisha kwamba wale waumini wa kwanza kabisa waliuza mashamba, wakaweka pamoja, kila mtu akapata kadiri ya shida yake. Nani aliwaambia ni wezi? Na Bwana mwenyewe alikuwa fundi. Mimi nimejenga nyumba kumi na moja Kimihurura, za ghorofa, na kwangu kukinyesha tunahamisha kitanda. Siombi cha jirani. Naomba aliyejenga naye apate pa kulala pakavu. Kama hiyo ni mbuzi, basi nionyeshe kondoo anasemaje."

"Waliuza kwa hiari!" Conrad akasema. "Hiari, Muhire. Hakuja mtu na kibao kuwaamrisha. Ukimlazimisha mtu kutoa, hiyo si sadaka tena, ni kodi."

"Na aliyeshikilia riziki ya kibarua mpaka kibarua akalala njaa, huyo naye ametumia hiari?"

"Hilo ni dhambi yake. Ataungama."

"Ataungama, mzee, lakini kibarua atakuwa amekwisha kufa."

Athanasie akapiga kofi moja juu ya paja. "Jamani! Mimi nawasikiliza, naona kila mtu ameingia kwenye injili kama anayeingia sokoni Kimironko, anachagua nyanya zake anatoka. Mzee Conrad, zako nzuri. Muhire, zako nzuri. Lakini mzee, unasema vyama vibaki nje. Na hiyo pini kwenye koti yako, nayo imebatizwa?"

Kweli, kwenye ukosi wa koti la Conrad palikuwa na pini ndogo ya chama chake, chama cha watu wa utaratibu. Nadhani alikwisha sahau kama ipo. Akaifunika kwa kiganja.

"Hiyo ni tofauti," akasema.

"Tofauti yake?"

"Hiyo... haikuandikwa neno mkono."

Hapo nilikuwa na utani wangu tayari mdomoni, umeiva, una chumvi. Kabagwira akanitazama. Nikaumeza, na nataka ijulikane kwamba ulikuwa utani mzuri.

Conrad akafuta jasho, akafungua daftari tena. Akamgeukia Kabagwira, na sasa sauti yake ilikuwa laini, sauti ya babu.

"Binti yangu, sikutaka kukuumiza. Mtoto lazima abatizwe kesho, na mimi nataka abatizwe. Nimekutafutia mtu. Jean-Luc hapa amekubali." Akamwonyesha Jean-Luc, mwenye duka la vitambaa, mtu msafi, aliyekaa miguu kwa pamoja. "Mtu wa sala, ana duka, hana makelele. Tunaandika Jean-Luc, napiga muhuri sasa hivi, wewe unakwenda kwa padri kabla ya saa kumi na mbili, yamekwisha."

Saa ya ukutani kwa Athanasie ilionyesha kumi na nusu. Kila mtu alimtazama Kabagwira. Ilikuwa rahisi kabisa. Neno moja tu, sawa, na wote tungekwenda nyumbani, na mimi na kibao changu tungesahauliwa. Mtoto akaanza kulia mgongoni. Kabagwira akamfungua, akampa aliyekuwa karibu naye, akasimama.

"Asante, mzee. Jean-Luc, asante na wewe. Nakuuliza neno moja tu, usinikasirikie. Mume wangu alitoka asubuhi kupeleka maharage, akasema atarudi kula. Mimi pia naweza kutoka asubuhi. Barabara mnaziona. Nisiporudi, Ihirwe utamchukua?"

Jean-Luc akakohoa. "Kumchukua... kwa maana ya...?"

"Kwa maana ya kulala kwako. Kula kwako. Kukuita baba."

"Mama Ihirwe, hayo ni mambo ya kuzungumza na familia. Mke wangu, unajua, nyumba yetu ni ndogo. Lakini kanisani nitasimama, nguo nyeupe nitanunua, picha tutapiga..."

"Picha ninayo ya baba yake," Kabagwira akasema. "Ya kutosha."

Jean-Luc akatazama viatu vyake. Sikumdharau, maana wengi wetu tulikuwa tukitazama vya kwetu.

"Binti," Conrad akaanza, "ubatizo si mambo ya kulea tu. Ni imani. Baba wa ubatizo anamwonyesha mtoto njia ya..."

"Najua katekisimu, mzee, nilifaulu. Anamwonyesha mtoto njia. Lakini mtoto asiye na pa kulala ataonyeshwa njia gani? Ya kwenda wapi?" Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akisema kama mtu anayepanga vyombo. "Mmebishana hapa saa mbili. Kulia, kushoto, kondoo, mbuzi. Nimesikiliza, maana nilitaka kujua. Mzee umesema Mungu anataka kila mtu ashike chake. Muhire amesema Mungu anataka tugawane. Mimi hapa nina kimoja tu. Sina shamba la kushika wala la kugawa. Nina huyu. Basi nawaomba, tumalize hivi. Ambaye nikifa leo atamchukua huyu mtoto, anyooshe mkono. Nikiona mkono wa mtu wa chama chako, mzee, naandika jina lake. Nikiona wa chama kingine, naandika. Nikiona wa mpagani, nitamwomba padri ambatize na yeye."

Nilisikia mafundi wa gereji wakigonga chuma kule chini. Wale wazee watatu waliokuwa wakiitikia kwa kichwa, vichwa vilitulia. Athanasie alianza kunyanyua mkono, akakumbuka watoto wake saba na wajukuu, akaushusha akafuta nao macho. Mimi? Mimi nilikuwa nikilala kwenye kibanda cha mbao pamoja na makopo ya rangi. Nilijidanganya kwamba hiyo ndiyo sababu.

Conrad alikuwa ameshika muhuri wake kwa mkono wa kulia, hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya.

Ndipo karibu na mlango mkono mmoja ukanyooka. Mrefu, wenye vumbi la saruji kwenye kiwiko. Ulinyooka wote mpaka ukakaribia dari, na ukabaki juu.

Conrad akageuka. Kwa muda kidogo sikujua kama atacheka au atalia. Halafu nikaona amepata la kushika, maana alipiga meza kwa kiganja cha pili mpaka kidau cha wino kikaruka.

"Tazameni!" akasema. "Tazameni wenyewe, mimi sisemi kitu! Hata mbele ya jumuiya, hata kwa jambo takatifu kama hili, mtu huyu amenyoosha mkono gani? Wa kushoto!"

Kabagwira alikuwa tayari amechukua kalamu mezani.

"Wa kulia umembeba mtoto, mzee Conrad," akasema. "Na wa kwako umebeba nini?"